Gemu ambayo wewe ndo kikondoo

Kwenye karibu kila stori ya mabinti wa kimiujiza, wale wasichana wa katuni za Kijapani wanaojigeuza wakapata nguvu za ajabu, kuna mnyama pembeni. Sailor Moon ana paka wake Luna, Sakura wa Cardcaptor ana Kero, ka simba kadogo kenye mabawa kanakopenda vitu vitamu kuliko kazi, na kazi ya hawa viumbe inajulikana, wanaleta taarifa kwamba kuna balaa linakuja, wanamkabidhi binti kifaa cha kujigeuza, wanamfundisha maneno ya kusema, halafu stori yote iliyobaki wanakaa begani wanashauri na kulalamika. Hakuna anayewauliza wao wanajisikiaje. Sasa mwaka 2006 huko Japani kuna watu wakakaa chini wakatengeneza gemu nzima ambayo we mchezaji ndo huyo mnyama. Na wala sio mnyama wa maana, ni mdoli wa kondoo, ule wa kushonwa kwa kitambaa.

Gemu yenyewe inaitwa Nanatsuiro Drops, ilitoka Aprili 2006 kwenye kompyuta, ikatengenezwa na studio ya UNiSONSHIFT: Blossom. Wengi mtakuwa hamjawahi kuisikia na siwashangai, haijawahi kuwa gemu ya kutikisa dunia, ila mi kila nikiulizwa na watu wa anime, yaani katuni za Kijapani, kwenye magrupu ni stori gani ya mabinti wa kimiujiza inanikaa kichwani, wanategemea nitaje zile kubwa kubwa, mi nataja hii, halafu nalazimika kueleza kwa kirefu, kwa hiyo leo nimeamua niandike mara moja niwe natuma linki tu.

Stori iko hivi. Kuna kijana anaitwa Masaharu Tsuwabuki, mwanafunzi, mkimya, mgumu kuzoeana na watu, yuko klabu ya bustani shuleni. Siku moja anapishana vibaya na mtu wa ajabu ajabu, wanagongana, vinywaji vinabadilishana, anakunywa cha mwenzake bila kujua, na kumbe yule katokea Fiore, ulimwengu mwingine wa watu wenye nguvu za kimiujiza, na kile kinywaji hakikuwa soda. Kufumba na kufumbua jamaa kageuka kikondoo. Mchana anarudi kuwa mtu, anaenda shule kama kawaida, giza likiingia anakuwa mdoli tena. Ili apone kabisa lazima apatikane binti mmoja aliyechaguliwa, cheo chake wanaita Spinia, huyo binti akusanye matone saba ya nyota yanayodondoka kutoka angani, na kikondoo ndo awe msaidizi wake. Na sharti ni kwamba asijulikane ye ni nani.

Binti mwenyewe ni Sumomo Akihime, mwanafunzi mwenzake wa shule hiyohiyo, mwenye aibu ya kufa mtu, kuongea na mvulana tu kwake ni mtihani. Akikiona kikondoo anakipenda palepale, anakipa jina Yuki-chan, anakibeba nyumbani. Basi. Hapo umeshaiona stori yote inapoelekea na uzuri wake ni kwamba hata ukiiona mapema haikupunguzii kitu.

Maana fikiria hali ya huyu kijana. Mchana yuko bustanini na Sumomo, wanamwagilia maua, wote wawili hawajui waseme nini, kila mtu anaangalia udongo. Usiku yuko chumbani kwa binti huyohuyo, ye ni mdoli mezani, na binti anamhadithia mdoli wake kila kitu, siku ilikuwaje, alitaka kusema nini akashindwa, na taratibu taratibu anaanza kumsema mvulana mmoja wa klabu ya bustani. Mbele ya huyohuyo mvulana! Na jamaa hawezi kufungua mdomo akasema dada samahani, huyo unayemsema ni mimi hapa. Akisema ndo kaharibu. Asiposema anakuwa kama mtu anayesoma barua isiyokuwa yake, tena kila siku, tena anaizoea.

Hapa ndo mi huwa nasimamisha watu. Wanacheka, wanasema ah, ni vichekesho vya kawaida vya anime, mvulana kajificha anasikia siri za binti. Sawa, ni vichekesho, gemu yenyewe inakuchekesha kwelikweli na haijifanyi kuwa kitu kizito. Lakini kwenye gemu za aina hii we sio mtazamaji. Maneno ya kijana yanaandikwa kwa nafsi ya kwanza, mimi, mimi, mimi, na wewe ndo unayebonyeza batani kusogeza mstari unaofuata, kwa hiyo Sumomo anapoongea na mdoli anaongea akiangalia skrini, anakuangalia wewe, na wewe ndo unayejua jambo ambalo ye hajui. Ukitazama anime unasema huyu kijana bwana anazingua. Ukicheza gemu unajisikia we mwenyewe ndo unayezingua. Tofauti ni kubwa na sijaona wengi wakiitumia vizuri hivi.

Kwa wasiojua hizi gemu zikoje, niziite tu gemu za kusoma, maana ndicho unachofanya. Picha ya nyuma, labda darasa au barabara ya jua la jioni, mhusika kasimama mbele kuanzia magotini kwenda juu, chini kuna kisanduku cha maandishi, muziki unapiga, waigizaji wanasoma sauti, na mara mojamoja unaulizwa uchague, uende bustanini au maktaba, na hayo machaguo ndo yanakupeleka kwa mhusika gani na mwisho upi. Hamna kuruka, hamna kupiga risasi. Watu wa mpira wakiona wanauliza sasa hapa unacheza nini. Kule Japani zilianza kujulikana kwenye konsoli, zile mashine za gemu kama PlayStation, mwaka 1992, kampuni ya Chunsoft ilipotoa stori ya kutisha kwenye Super Famicom, halafu mwaka 1996 kampuni ya Leaf ikatoa zake kwenye kompyuta na jina la aina hii ya gemu likakaa kuanzia hapo, na baada ya hapo kompyuta ndo ikawa nyumbani kwake.

Na sasa tuseme ukweli wa kompyuta. Soko la hizi gemu kwenye kompyuta kule Japani lilikuwa kwa kiasi kikubwa soko la watu wazima, zinawekwa alama ya miaka 18, na Nanatsuiro Drops ya 2006 nayo ilitoka ndani ya soko hilo. Konsoli za Sony na Nintendo haziruhusu mambo hayo, na tangu 2002 kuna CERO, chombo kinachopanga gemu kwa umri kabla hazijauzwa. Kwa hiyo studio ikitaka kuhamia konsoli lazima ikae na mkasi. Wanatoa sehemu fulani, halafu ili mteja asione kauziwa kitu kilichopungua wanaongeza, picha mpya, sauti zaidi, wakati mwingine mhusika ambaye zamani alikuwa wa kupita tu anapewa njia yake kamili. To Heart ya Leaf ilipita njia hiyo, kompyuta 1997, PlayStation 1999, na toleo la konsoli ndilo lililofanya watu wa kawaida waijue. Kanon nayo, kompyuta 1999, Dreamcast 2000. Biashara yake inaeleweka, wateja wa kompyuta ni wachache na ni walewale, konsoli iko sebuleni kwa kila mtu, na yule shabiki mkereketwa atanunua mara mbili, hilo halina mjadala.

Toleo la PS2, yaani PlayStation 2, likatoka 2007, likaitwa Nanatsuiro Drops Pure!!, na alama mbili za mshangao wameweka wao sio mimi. Ni mwaka uleule ambao anime yake ya vipindi 12 ilionyeshwa, kuanzia Julai mpaka Septemba, kwa hiyo ilipangwa, mtu anaona kikondoo kwenye runinga anaenda dukani anakuta kikondoo kwenye diski. Mwaka uliofuata, 2008, likaja toleo la Nintendo DS, ile mashine ndogo ya mkononi.

Mi msimamo wangu, na nimeshabishana na watu humu mtandaoni mpaka tukachokana, ni kwamba hii gemu ilipata mwili wake halisi ilipohamia konsoli. Kwanza hawa ni watoto wa shule, na kile kilichotolewa sikioni pengo lake hata kidogo, bora kilivyotoka. Lakini hata ukiliweka hilo pembeni, angalia stori inasimamia nini. Inasimamia mtu ambaye hawezi kusema. Mchana aibu inamziba, usiku sharti linamziba. Mvutano wote uko kwenye sentensi moja ambayo haisemwi, na stori ya namna hiyo ikisimama usiku wa manane kukupa kitu kingine inajikata miguu yenyewe. Toleo la konsoli halina pa kukimbilia, linabaki na bustani, barabara ya kwenda shule, chumba cha Sumomo na anga, kwa hiyo kushikana mikono tu kunakuwa habari kubwa ya kukufanya uweke mashine chini kidogo upumue.

Nikisema PS2 najua wengi mnaikumbuka kwa kazi nyingine kabisa. Kwetu PS2 ni kibanda cha gemu, benchi la mbao, watoto sita wanasubiri zamu, Winning Eleven, mwenye kibanda anaangalia saa, na pedi imeshachakaa batani ya kushuti. Mashine ile iliuzwa zaidi ya milioni 150 duniani na ajabu yake ni hiyo, chuma kilekile ambacho huku kilikuwa uwanja wa mpira, kule Japani kilikuwa pia rafu ya vitabu, kuna gemu za kusoma nyingi kwenye PS2 ya Kijapani kiasi kwamba mtu angeweza kuwa nayo miaka na asiguse mpira hata siku moja.

DS nayo iliuzwa zaidi ya milioni 150, na hapa nikiri mapenzi yangu yako kwenye toleo la DS japo kila mtu anayejua vitu atakwambia la PS2 ndo bora. Kitaalamu wako sahihi. DS ina skrini mbili ndogo, kila moja doti 256 kwa 192, picha ambazo zilichorwa kwa ajili ya kompyuta zinabanwa humo mpaka mistari mizuri ya nywele inakuwa ngazi ngazi, herufi za Kijapani zenye michoro mingi zinageuka vidoa vyeusi. Kadi ya DS hata ile kubwa kabisa ilikuwa megabaiti 512, diski ya DVD ya PS2 ni gigabaiti 4.7, we mwenyewe piga hesabu kipi kitabeba sauti nyingi. Lakini DS unaishika mkononi. Unajikunja nayo kitandani taa zimezimwa, skrini ya chini inaguswa, na jina refu la toleo hili linazungumzia hadithi ya penzi la kwanza inayoanza kwa kugusa. Gemu ambayo we ni kidude kidogo kinachobebwa, kuichezea kwenye kidude kidogo unachokibeba, ah, mi hapo nimemaliza, sihitaji hoja nyingine.

Halafu michoro. Aliyechora wahusika ni Noizi Ito, na kama jina hilo halikwambii kitu basi kazi zake unazijua, ndiye aliyechora vitabu vya Haruhi Suzumiya kuanzia 2003 na Shakugan no Shana kuanzia 2002. Aprili 2006, mwezi uleule gemu hii ilipotoka, ndo anime ya Haruhi nayo ilianza kuonyeshwa na ikavuruga mtandao mzima, watu wanacheza ule wimbo wake wa mwisho barabarani, na mchoraji huyohuyo huku pembeni ana kikondoo chake taratibu. Ukiweka hizi kazi mbili pamoja unaona mkono ni mmoja, macho makubwa yenye mwanga mwingi, nywele zinazoelea kama kuna upepo hata ndani ya chumba, ila kwenye Nanatsuiro kachora kwa rangi laini zaidi, na Sumomo karibu kila picha mabega kayavuta juu kidogo kama mtu anayesubiri kugombezwa. Ukimwona tu unajua tabia yake kabla hajafungua mdomo.

Kuna jambo moja linalonikera kwenye maongezi ya mabinti wa kimiujiza siku hizi nalo ni hili la kudhani wepesi ni utoto. Tangu Madoka, anime ya 2011 ya mabinti wa kimiujiza, ambayo ni kazi kubwa sibishi, kila binti akipewa fimbo ya miujiza watu wanakaa wanasubiri nani atakufa kipindi cha tatu. Na yule mnyama wa pembeni kule akageuka kuwa tapeli mwenyewe, Kyubey, anayekuja na mkataba wenye maandishi madogo. Sasa kizazi kilichoanzia hapo kikikutana na stori ambayo hakuna anayekufa kinaona kimepewa uji bila sukari. Lakini huu mti ulianzia kwenye wepesi. Sally, ambaye wengi wanamhesabu kuwa wa kwanza kwenye runinga ya Japani, 1966, kampuni ya Toei, alikuwa binti wa kifalme kutoka ulimwengu wa miujiza anayekuja kuishi na watu wa kawaida na matatizo yake ni matatizo ya mtaani, na mwandishi wake Mitsuteru Yokoyama alivutiwa na vichekesho vya Kimarekani vya mama wa nyumbani mwenye nguvu za ajabu. Vita vilikuja baadaye sana, Sailor Moon mwaka 1992 ndo ikawaunganisha mabinti wawe kikosi cha mapambano.

Nanatsuiro Drops imerudi kule mwanzo. Hakuna shetani anayetaka kumeza dunia. Kuna mshindani, Nona, naye ni binti mwenye nguvu na anayataka matone yaleyale, na kwa muda mnaona kama ndo adui kaja, ila ni msichana tu mwenye bidii na kiburi kidogo na mzigo wake mwenyewe, na yupo Nadeshiko, rafiki mkubwa wa Sumomo, ambaye ana jicho la kuona mambo kabla hayajasemwa. Hao ndo watu. Kitakachotokea wakishindwa? Dunia itaendelea kama ilivyo, ila kijana mmoja atabaki mdoli na binti mmoja hatajua kwa nini yule mvulana wa bustani haonekani. Kuandika stori ambayo hatari yake ni ndogo kiasi hicho na bado msomaji akashindwa kulala ni kazi ngumu kuliko kuua wahusika watatu, kuua ni rahisi, mtu akifa msomaji atalia tu.

Sio kwamba haina matatizo. Katikati inavuta. Kuna siku za shule zinafanana mpaka unaanza kutafuta ile batani ya kurusha maandishi, na vichekesho vingine vya mwaka 2006 vimezeeka vibaya, kuna mahali mtu anaanguka juu ya mtu kwa mara ya ngapi sijui na hamna anayecheka tena. Njia za mabinti wengine nazo hazifikii ya Sumomo, hili nalisema wazi hata kama mashabiki wa Nona watanirukia, maana ule mfumo wa kikondoo na siri ulijengwa kwa ajili ya Sumomo na ukiondoka kwake unabaki na gemu nzuri ya kawaida tu. Na kuna suala la siri yenyewe, kwamba mvulana anakaa chumbani kwa binti bila binti kujua, stori inajua kwamba hilo ni deni na inalidai mbele ya safari, ila ningependa ianze kulidai mapema zaidi, miezi ya mwanzo inalichukulia kirahisi mno.

Sasa lugha. Matoleo ya konsoli yote ni Kijapani. Mi Kijapani changu ni cha kujifunza mwenyewe, cha kuungaunga, na nasoma na simu pembeni nikipiga picha skrini pale michoro inaponishinda, mwendo wa kinyonga, ila nimegundua kwamba stori ya watu wenye aibu ni nzuri sana kwa mwanafunzi wa lugha kwa sababu wanaongea sentensi fupi na wanarudia rudia! Sumomo akianza sentensi anaiacha njiani, anaanza upya, anaomba radhi, hadi amalize na wewe umeshapata muda wa kuangalia kamusi. Jaribu kufanya hivyo na stori za Kinoko Nasu, mwandishi wa gemu za kusoma nzito nzito, uone kama hujatupa simu dirishani.

Ukitaka kuipata, zingatia kitu kimoja kabla hujatuma hela kwa mtu. Diski ya PS2 ya Kijapani haitasoma kwenye PS2 ya kawaida ya Ulaya au Marekani, hizi mashine zimefungwa kwa maeneo, utahitaji PS2 ya Kijapani au ile iliyochezewa na fundi. Kadi za DS za zama zile hazijafungwa, ya Kijapani unaichomeka kwenye DS yoyote, hata ile ya pinki aliyokuletea shangazi kutoka Muscat, inawaka na kucheza bila shida. Ndo maana ile ya DS naipigia debe, ukiacha mapenzi. Kama huna subira ya Kijapani kabisa anza na anime, vipindi 12 unavimaliza wikiendi moja, inafuata njia ya Sumomo na inakwenda haraka kwenye zile sehemu nilizosema zinavuta.

Ila ukianza na anime utakuwa umemwona Masaharu kwa nje, ana sura yake, ana sauti yake, unamhukumu kama unavyomhukumu jirani. Mi ningekushauri uanze na DS hata kama utaelewa nusu. Mwisho wake siusemi hapa na kwenye komenti msiuseme, kuna watu wameniahidi wataicheza.